Prosesa Mpya: Tununue Sasa au Tusubiri?

Kompyuta ikiwa nzito wengi wetu husema prosesa imechoka. Tusitoe pesa za nyumbani kabla ya kupima. Tubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja huku tukifanya kazi zetu za kawaida. Prosesa ikiwa imetulia na diski ya kuzunguka imefika asilimia 100, dawa ni kuweka SSD, si prosesa.

Prosesa ikiwa ndiyo inayoelemewa, tutazame madabodi. Baadhi ya madabodi za AM4 za mwaka 2017 hupokea Ryzen 5000, zilizoanza kutoka mwaka 2020, baada ya kusasisha BIOS. AM5 ya mwaka 2022 hudai madabodi mpya na memori ya DDR5. Hapo gharama ni tatu, si moja.

Kazi zikiwa zinakwenda, tusubiri. Lakini mwenye Ryzen ya kwanza ya mwaka 2017 asikawie: Windows 11 haiitambui rasmi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Matoleo mapya hayaishi; mwenye kungoja la mwisho hatanunua kamwe.