Mionzi Hupimwaje katika Pafu?

Mgonjwa wa kansa ya pafu akiisha kupigwa picha za skana, mara nyingi huambiwa arudi nyumbani, angoje siku kadhaa kabla ya kuanza matibabu ya mionzi. Jamaa zake hukasirika. Mashini ipo, waganga wapo, mgonjwa akohoa usiku kucha, wangoja nini? Twataka kueleza kazi inayofanyika katika siku hizo, kwa maana ni kazi ya hesabu, na uhai wa mtu wategemea jibu lake.

Dawa ya maji hupimwa kwa kijiko. Mionzi haionekani, haina harufu, wala mgonjwa hasikii kitu inapompita. Kipimo chake huitwa grei, kwa kumkumbuka Louis Harold Gray, mtaalamu wa fizikia wa Uingereza. Kansa iliyoenea kifuani, isiyoweza kukatwa kwa kisu, kwa kawaida hupewa grei 60, yaani grei 2 kila mara, mara 30, kwa muda wa majuma sita. Kipimo kikipungua, kansa hurudi. Kikizidi, huumia pafu lenyewe, moyo, umio, au uti wa mgongo.

Sasa tazameni shida. Nyama ya mwili, kwa uzito, ni karibu sawa na maji; lakini pafu limejaa hewa, na uzito wake ni kama robo au theluthi ya maji ya ujazo ule ule. Zamani wenye kupiga hesabu walikihesabu kifua chote kana kwamba ni beseni la maji. Hapo makosa mawili yalitokea. Kwanza, mionzi hupita katika pafu bila kupungua sana, hata hufika mbele ikiwa na nguvu kuliko ilivyodhaniwa. Pili, na hili ndilo gumu zaidi, mionzi ikigonga mwili hurusha vipande vidogo viitwavyo elektroni, navyo ndivyo viachavyo nguvu ndani ya chembe za mwili. Mpira uliopigwa katika majani marefu husimama karibu. Katika uwanja uliofyekwa huenda mbali. Ndivyo elektroni zilivyo katika pafu: zakimbia mbali, zatoka nje ya njia ya mionzi, na ukingo wa uvimbe wapata pungufu. Uvimbe mdogo uliozungukwa na hewa pande zote ndio unaopunjwa kuliko wote.

Huko Marekani palifanyika jaribio liitwalo RTOG 0236, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 55 wenye uvimbe mdogo, wasioweza kupasuliwa, walitibiwa mara 3 tu, grei 20 kila mara, jumla grei 60. Baada ya miaka 3 uvimbe ulikuwa umezuiwa kwa karibu wagonjwa 98 katika 100. Lakini grei hizo 60 zilihesabiwa kwa desturi ya beseni la maji. Hewa ilipotiwa katika hesabu, zilionekana kuwa karibu 54. Mionzi ni ile ile, wagonjwa ni wale wale. Hesabu ndiyo iliyosahihishwa. Basi mtu akisoma 60 katika karatasi ya zamani, akaiingiza katika hesabu mpya, atampa mgonjwa kipimo kilichozidi kile kilichojaribiwa. Sisi tunaofundisha hesabu huwakaripia watoto waandikao jibu bila kusema ni la kitu gani. Kumbe hata wakubwa hupatwa.

Tena pafu halitulii. Uvimbe ulio chini, karibu na kiwambo, waweza kupanda na kushuka zaidi ya sentimeta moja kwa kila pumzi. Kwa hiyo skana hupiga picha za pumzi nzima, ili njia yote ya uvimbe ionekane. Eneo likipanuliwa mno, pafu zima laungua. Waganga hujitahidi sehemu ya mapafu ipatayo grei 20 au zaidi isipite kama 35 katika 100.

Wengine watauliza: kwa nini kipimo kisiongezwe tu? Swali hilo lilijibiwa na jaribio jingine, RTOG 0617, mwaka 2015. Waliopewa grei 60, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 28.7, waliopewa grei 74, nusu yao walipita miezi 20.3 tu. Wengi walikuwa wametazamia kinyume. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba mionzi iliyoufikia moyo ilihusiana na vifo, na tangu hapo moyo hulindwa kwa uangalifu zaidi katika mipango.

Mpango ukiisha, hesabu hukaguliwa tena kwa njia nyingine, na mara nyingi mionzi hupigwa kwanza juu ya sanamu ya plastiki yenye vipimo ndani, kabla mgonjwa hajaitwa.