Sekunde, Volti na Mlima Shengena

Katika milima ya Upare, ambako maji ya vijito hukingwa usiku kucha katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva na kufunguliwa mchana ili wakulima wamwagilie kwa zamu, inafahamika tangu zamani kwamba mgawo wa haki huanza na kipimo kinachokubaliwa na wa juu na wa chini. Kanuni hiyo ndiyo inayowaongoza pia wapenzi wa vipimo, yaani watu wa nchi mbalimbali ambao, bila ajira wala malipo, huweka majumbani vifaa vya kupima muda na volteji kwa usahihi mkubwa. Kwao hakuna kifaa kinachojithibitisha chenyewe, bali kila kimoja huaminiwa kwa kadiri kilivyolinganishwa na kingine kilicho bora zaidi.

Saa ya kawaida ya mkononi hutegemea fuwele ya kwatzi, kipande cha madini kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde kinapotiwa umeme, na kwa kuwa mtetemo huo huathiriwa na joto na uchakavu, saa hiyo hupotoka kwa sekunde kadhaa kila mwezi. Sekunde yenyewe imefungwa tangu 1967 kwenye atomu ya seziamu, ikiwa ni muda wa mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho maalumu wa atomu hiyo. Setilaiti za GPS hubeba saa za atomiki na kutangaza wakati wake bila malipo, hivyo mpenzi wa saa aliyeko mji wa Same, huko Upare, akiwa na kipokezi kidogo na antena inayoona anga vizuri, anaweza kuisahihisha fuwele yake mfululizo hadi tofauti iliyobaki iwe chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Usahihi ukipanda zaidi ya hapo, hata mwinuko wa ardhi huingia katika hesabu. Nadharia ya Einstein hueleza kwamba mvutano wa dunia hupunguza mwendo wa saa, kwa hiyo saa iliyo mlimani hutangulia ile iliyo bondeni. Mwaka 2005 mpenzi mmoja wa saa nchini Marekani alipandisha saa zake za seziamu kwenye Mlima Rainier, akakaa huko na familia yake kwa takriban saa 40, na aliporejea alikuta zimetangulia zile zilizobaki nyumbani kwa nanosekunde zipatazo 22, nanosekunde ikiwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Huko huko Upare, kilele cha Shengena, chenye mita 2,463 katika Hifadhi ya Chome, kiko takriban mita 1,600 juu ya mji wa Same. Saa ya namna hiyo ikiwekwa kileleni ingetangulia ya mjini kwa nanosekunde 15 hivi kila siku.

Volti nayo ina historia inayokutana na ya sekunde. Kuanzia 1911 dunia iliitegemea seli ya Weston, betri ya kemikali iliyobuniwa 1893 na kutoa takriban volti 1.018 bila kuyumba sana. Mwaka 1962 Brian Josephson alibashiri tabia ya vipitishi viwili vya umeme visivyo na ukinzani vinapotenganishwa na utando mwembamba sana: vikipozwa mno na kumulikwa kwa mawimbi ya redio, hutoa volteji inayotegemea tu masafa ya mawimbi hayo na viwango visivyobadilika vya maumbile. Njia hiyo ilikubaliwa kimataifa 1990, na viwango hivyo vikapewa thamani kamili 2019, kwa hiyo anayepima volti kwa usahihi wa juu kabisa huanza kwa kuhesabu sekunde.

Nyumbani mitambo hiyo haiwezekani, na badala yake hutumika diodi ya Zener, kipande cha elektroniki kinachoshikilia takriban volti 7, ambacho hutunzwa katika joto moja na kuachwa kikiwaka miaka mingi, kwa sababu kukizima huivuruga thamani yake. Hata hivyo lazima kipelekwe kwenye ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo cha juu zaidi. Nchini Tanzania maabara za metrolojia za Shirika la Viwango, TBS, ndizo zinazotunza vipimo vya taifa.

Jambo hili si anasa ya wachache. Kidhibiti chaji cha sola hubeba ndani yake kipimo rejea kama hicho, na kikikosea kwa asilimia tano tu, betri ya volti 12 inayopaswa kuchajiwa hadi karibu volti 14.4 hupata ziada ya volti 0.7, ikachemka na kufa kabla ya wakati wake. Kwa sababu hiyo fundi anayeandika daftarini, pamoja na usomaji wa mita, tarehe ya ugezi wake, joto la chumba na kiasi ambacho mita hiyo inaweza kukosea, humpa mwenye betri kitu ambacho namba peke yake haiwezi kumpa.