Kengele za bure: antivirusi mbili ndani ya ordinatere moja



Mwezi uliopita nilifika katika koperative moja ya kahawa upande wa Kalehe. Sekretere alikuwa na woga: kila akiwasha ordinatere, inaandika kwamba virusi imepatikana. Alikwisha kufuta fishie ya malipo ya msimu, ile yenye kilo za kila memba, kwa sababu antivirusi ilimwambia ni ya hatari. Bahati, daftari ya mizani ilikuwa ingali pale. Tulitumika siku mbili kuandika yote upya.

Virusi haikuwamo. Shida ilikuwa antivirusi mbili. Moja ilinunuliwa pamoja na ordinatere. Ingine, kijana mmoja wa mjini aliiweka toka kwa kle USB, akifikiri mbili zinalinda kuliko moja.

Tuseme mimi nachunga ndani ya begi majani ya mihogo yenye mozaiki, niwaonyeshe wakulima namna ugonjwa unafanana. Agronome mwingine asiyenijua akifungua begi, atasema: kumbe huyu ndiye anatembeza ugonjwa! Antivirusi nayo inachunga alama za virusi, vipande vidogo vya maandishi yao, ili izitambue. Ile ya pili inaweza kukuta alama hizo na kupiga kelele. Tena, antivirusi ikikamata fishie mbaya inaifungia pembeni, ndani ya karantini. Ya pili inaweza kuikuta mule mule na kutangaza virusi mpya, kumbe ni ile ile ya jana.

Na fishie ya malipo je? Ilikuwa ya Excel, yenye makro za kupiga hesabu. Antivirusi haitafuti alama tu, inaangalia pia mwenendo, na virusi nyingi zinajificha ndani ya makro. Programu mbili zinazohukumu, nafasi mbili za kukosea. Tena kila moja inapima fishie ambayo ingine inafungua kuipima, ordinatere inakuwa nzito, na grupu inakula mafuta.

Kwa hiyo muchague moja. Windows 10 na 11 ziko na Microsoft Defender tayari, bila kulipa. Mukiweka ingine, kwa kawaida Defender inajizima, mukiitoa, inarudi. Zinazogombana sana ni zile mulizoweka wenyewe. Musifute dosie yake kwa mkono: muiondoe kupitia mipangilio ya programu, kisha muzime na kuwasha ordinatere.

Kengele ikilia juu ya fishie munayoijua, musifute. Muiache karantini, mule inaweza kurudishwa. VirusTotal, kwenye intaneti, inapima fishie kwa antivirusi zaidi ya 60 bila malipo. Moja au mbili zikilalamika peke yake, mara nyingi ni kosa. Nusu zikilalamika, karibu hakika ni virusi kweli. Lakini musipeleke kule liste ya wanamemba wala malipo yao, kwani fishie zinazofika pale zinagawiwa kwa kampuni za usalama. Kwa hizo, muite fundi.

Na musidharau kila kengele. Kle USB inayozunguka toka sekretariati ya umma hadi kwenu inaleta virusi za kweli.

Sekretere wa kule sasa iko na antivirusi moja. Kopi ya fishie ya malipo inalala kwa muweka feza, kila siku ya posho.