Taa za Tanipu na Jina la Majira: Mila za Mwisho wa Mavuno katika Richterswil

Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na majira yale ya Ulaya yaliyo kati ya Septemba na Desemba, hana neno moja lililokubaliwa na wote. Wako waandikao vuli, wako wapendao demani, na wako wanaochagua maelezo marefu kidogo, yaani majira ya kupukutika majani. Kila shauri lina hoja yake, na hoja hizo aghalabu hutegemea kalenda: miezi ya huku na miezi ya kule inalingana. Lakini jina la majira halipimwi kwa kalenda peke yake. Yafaa kwanza kutazama watu wanafanya kazi gani wakati huo, wanakula nini, na wanakusanyika kwa sababu gani. Mji mdogo wa Richterswil, ulio kando ya Ziwa la Zürich nchini Uswisi, unafaa sana kwa uchunguzi wa namna hiyo, kwa kuwa sherehe yake kubwa ya mwaka hufanyika Novemba, majani ya miti mingi yakiwa yamekwisha anguka, na chombo chake kikuu ni zao la shambani.

Richterswil uko upande wa kusini-magharibi wa ziwa, mahali jimbo la Zürich linapopakana na jimbo la Schwyz. Nyumba za mji zimekaa ufukoni, na nyuma yake ardhi inapanda kwenda kwenye malisho na mashamba ya mlimani. Ziwa lenyewe haligandi kwa urahisi. Mara ya mwisho lilipoganda lote ilikuwa mwaka 1963, na watu wakalivuka kwa miguu. Dalili ya Novemba si barafu bali ni ukungu na giza. Hewa baridi hutulia mabondeni na juu ya maji, nayo hufunikwa na tabaka la mawingu mazito ambalo huweza kudumu siku nyingi, hali walio juu milimani wanaota jua. Katikati ya mwezi huo jua huchwa kabla ya saa 11 jioni. Msomaji wa pwani aliyezoea kuhesabu saa tangu macheo ataona kwamba hesabu yake haifai huko: saa 12 jioni ya Novemba ni usiku kamili, na saa 12 jioni ya Juni jua lingali juu. Katika nchi ya namna hiyo taa si pambo tu. Ni sehemu ya majira.

Zao linalotengenezewa taa huitwa Räbe. Ni mmea wa ukoo wa kabichi, nao huvimba chini ya majani ukawa kama mpira, mweupe chini na wa zambarau juu. Kwa Kiswahili wengi huuita tanipu. Si figili, ingawa ni ndugu yake. Tangu zamani tanipu ilipandwa Julai au Agosti katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa nafaka, ikang'olewa Oktoba na Novemba. Lilikuwa, basi, zao la pili, lililotolewa katika ardhi ambayo mwaka ule ilikuwa imekwisha lipa deni lake. Kabla ya viazi vya Ulaya kuenea, navyo vilienea zaidi katika Uswisi baada ya njaa ya miaka ya 1770 na 1771, tanipu ilikuwa chakula cha kawaida cha watu wa hali ya chini na cha ng'ombe pia. Ilipikwa mchuzi, au ilikatwa nyuzinyuzi ikatiwa chumvi na kuachwa ichachuke, ipate kudumu wakati wa baridi. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa sababu wageni wengi hudhani kwamba taa ya tanipu ni mwigo wa boga la Marekani. Ukweli ni kinyume chake. Watu wa Ireland walikuwa wakichonga tanipu kwao, na walipohamia Marekani walikuta boga, lililo kubwa na rahisi kukombwa. Boga hilo likarudi Ulaya baadaye kabisa, na katika Uswisi lilianza kuonekana sana tangu miaka ya 1990.

Yasimuliwa katika Richterswil kwamba kiasi cha mwaka 1860 wanawake wa mashamba ya mlimani, waliposhuka usiku wa Novemba kwenda ibada kanisani, walijimulikia njia kwa tanipu zilizokombwa na kutiwa mshumaa. Hayo ni masimulizi, na yachukuliwe hivyo. Walakini hayana ajabu ndani yake. Taa ya kioo ilinunuliwa kwa fedha, tanipu ilikuwa shambani. Tangu mwanzo wa karne ya 20 safari hiyo ya ibada imekuwa maandamano yaliyopangwa, nayo hufanyika Jumamosi ya pili ya Novemba.

Kazi huanza siku kadhaa kabla. Vyama vya mji, shule, majirani wa mtaa mmoja na jamaa za nyumba moja huketi pamoja kuchonga. Hukatwa kifuniko upande wa majani, kisha nyama ya ndani hukombwa kwa kijiko mpaka ukuta uwe mwembamba. (Mtu wa pwani ayapimaye maneno angesema hukombwa, wala si hukunwa, mbuzi ya nazi haina kazi hapa.) Baada ya hayo ngozi ya nje hukwanguliwa kwa kisu kidogo kwa umbo la nyota, mwezi, jua au moyo. Hapo ndipo tofauti na boga inapoonekana wazi: boga hutobolewa, bali tanipu hukwanguliwa tu, hata mwanga haupiti tunduni bali hupenya katika nyama yenyewe, wa manjano palipokwanguliwa na wa zambarau iliyofifia mahali ngozi ilipobaki. Mikono hunuka tanipu siku mbili tatu. Nyama iliyokombwa hupikwa au hupewa mifugo.

Jioni ya sherehe taa za umeme huzimwa katika njia za maandamano. Madirisha na kuta za nyumba zimepangwa tanipu zinazowaka, na katikati hupita watoto wenye taa zilizoning'inizwa kwenye fimbo, wapiga muziki, na magari yaliyobeba maumbo makubwa, kama nyumba, meli au mnyama, yaliyoundwa kwa mamia ya tanipu zilizounganishwa. Zao linalotumika kwa usiku huo mmoja hupita tani 20, na mishumaa huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Harufu ya kifuniko kinachoungua juu ya mshumaa, tamu na yenye udongo ndani yake, ndiyo ambayo wenyeji huikumbuka kuliko mapambo. Miji mingine mingi ya Uswisi inayosema Kijerumani ina maandamano ya watoto ya namna hii katika siku hizo, lakini aghalabu ni madogo. Katika Richterswil ni mji mzima.

Sherehe huitwa Räbechilbi, na jina hilo lina mafunzo kwa mtu wa lugha. Sehemu ya kwanza haina shida: Räbe ni umbo la lahaja za Uswisi la neno ambalo Kijerumani sanifu hulitamka Rübe, na ni ndugu wa neno la Kilatini rapa. Taa yenyewe huitwa Räbeliechtli. Kiambishi -li ni cha udogo, lakini mara nyingi hubeba mapenzi kuliko kipimo. Mfasiri akiandika kijitaa, ataleta dharau isiyokuwamo, maana udogo wa Kiswahili mwepesi wa kutweza. Taa ya tanipu yatosha.

Chilbi ni neno gumu zaidi. Asili yake ni maneno mawili, kanisa na kuweka wakfu. Kanisa katika lahaja hizo ni Chile, ambapo ch hutamkwa kama kh ya Kiarabu. Chilbi ilikuwa ukumbusho wa siku kanisa lilipowekwa wakfu. Watu walipokusanyika, wachuuzi nao wakaja, kisha ngoma na michezo, mpaka leo neno hilo kwa wengi humaanisha bembea za kuzunguka na vibanda vya vyakula. Mabadiliko kama hayo si mageni kwa Waswahili: anayesema anakwenda Lamu kwa Maulidi huweza kuwa na nia ya kusoma, au ya kutazama mashindano ya punda na majahazi, au yote mawili. Kufasiri Chilbi kuwa sikukuu ya kanisa ni kusema zaidi ya wanavyosema wenyeji. Tamasha liko karibu, ila limepoteza mzizi. Afadhali jina liachwe lilivyo na maana ielezwe mara moja.

Iko alama nyingine ya zamani. Jumamosi ya pili ya Novemba haiwi kamwe mbali na tarehe 11, siku ya Martin, askofu wa Tours, aliyezikwa tarehe hiyo mwaka 397. Katika sehemu kubwa ya Ulaya siku hiyo ilikuwa mwisho wa mwaka wa kilimo: kodi za ardhi na riba zililipwa, watumishi walimaliza mikataba yao, bata bukini aliliwa. Jimbo la Zürich lilifuata matengenezo ya dini ya Zwingli katika miaka ya 1520, na heshima za watakatifu zikaondolewa. Lakini tarehe haikuondolewa, kwa sababu deni halikuondolewa. Vivyo hivyo wakulima na wanamaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ingawa dini yao ilifuata mwezi, waliendelea kutumia mwaka wa jua ulioanzia Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, kwa kuwa mvua na pepo hazifuati mwezi. Katika Sursee, mji wa Kikatoliki karibu na Ziwa la Sempach, siku ya Martin ingali na mchezo wake: bata bukini aliyekufa hutundikwa juu ya uwanja, na mshindani aliyefungwa macho, mwenye joho jekundu na kinyago cha jua, hujaribu kumkata kwa pigo moja la upanga butu.

Baada ya Martin, taa hupita kwa Mtakatifu Nikolas. Katika Küssnacht, kando ya Ziwa la Vierwaldstätter, usiku wa tarehe 5 Desemba wanaume huvaa kichwani Iffele, taa kubwa zenye umbo la kofia ya askofu, za karatasi ngumu iliyotobolewa na kuwekwa karatasi za rangi nyuma yake. Jina latokana na Kilatini infula. Hapo mavuno yamekwisha sahauliwa. Ni baridi iliyoanza.

Sasa swali la jina la majira laweza kurudiwa. Kijerumani huyaita Herbst, neno lenye nasaba na Kilatini carpere, kuchuma, na maana yake ya zamani ni mavuno. Katika baadhi ya nchi za mizabibu kitendo herbsten hata leo ni kuvuna zabibu. Majira haya, basi, yalipewa jina na kazi, si na miti. Majira ya kupukutika majani yanafaa Oktoba, lakini msomaji aliyeona mbuyu ukipukutika kiangazi atafikiri ukame na joto. Demani ni ya pepo. Ina utulivu wa bahari ndani yake, na Richterswil haina bahari. Vuli ndiyo yenye kupotosha zaidi, ijapokuwa ndiyo inayolingana vizuri kwa miezi. Katika Tanga na sehemu nyingine za kaskazini-mashariki ya Tanzania vuli ni mvua na kupanda. Mkulima huiitikia kwa jembe, wakati ambapo mwenzake wa Richterswil ameliweka jembe ghalani.

Majira ya mavuno kwa Herbst, na mwisho wa mavuno kwa sehemu yake ya Novemba, yanaelekea kuwa na kasoro ndogo kuliko hayo yote. Itapingwa kwamba mavuno ya masika huku huwa Julai na Agosti, na pingamizi hiyo ni ya haki. Lakini jina la mahali huiondoa upesi. Akisoma kwamba watu wa Richterswil huwasha taa za tanipu mwisho wa mavuno, mtu wa Tanga ataelewa kwamba shamba ni tupu na ghala limejaa. Akisoma kwamba huziwasha wakati wa vuli, ataelewa kwamba mvua inanyesha na mbegu imo ardhini.