Maneno ya Arusha, masikio ya Ngara

Rais anapozungumza na adui huku bunduki bado zinalia, kila neno analowaambia waandishi wa habari husikilizwa na watu ambao hawataki kusikia kitu kimoja. Adui hupima kama amelegea. Mpatanishi hutafuta dalili kwamba ana nia ya kweli. Askari walioko mstari wa mbele huuliza kama wanauzwa. Wananchi hutaka kujua kama walale au wafungashe. Wasaidizi wake wa habari wanayajua haya yote, na kishawishi chao kikubwa ni kumpa kila mmoja neno lake: hili kwa mabalozi, lile kwa makamanda, jingine kwa mkutano wa hadhara wa chama.

Njia hiyo hufaulu iwapo wasikilizaji hao hawakutani. Ngara wanakutana. Wilaya hii ya mkoa wa Kagera, Tanzania, inapakana na Rwanda na Burundi kwa pamoja, na Kihangaza cha wenyeji kiko karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda, hata mtu wa Rulenge akaweza kuifuata hotuba ya Kigali au Bujumbura bila mkalimani. Katika miaka ya 1990 redio ya betri kibarazani Kabanga iliweza kupokea Kigali, Bujumbura, Dar es Salaam na London jioni moja. Kauli waliyopewa mabalozi kwa Kifaransa na kauli waliyopewa wafuasi kwa lugha yao zilikutana hapo. Ndiyo maana nataka kueleza jinsi marais wanavyoshughulika na vyombo vya habari wakati wa mazungumzo ya vita nikitazama kutoka Ngara na jirani yake Biharamulo, badala ya kutoka ukumbi wa Arusha yalikofanyika mazungumzo ya Rwanda na Burundi. Waliolipia maneno yale walikuwa huku.

Tuanze na Juvénal Habyarimana, rais wa Rwanda. Wapiganaji wa kundi la waasi la RPF waliingia Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990, na kufikia Julai 1992 serikali yake ilikuwa mezani Arusha, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa mwezeshaji na Balozi Ami Mpungwe akiendesha vikao kwa niaba yake. Kuna jambo ambalo husahaulika mara nyingi: tangu Aprili mwaka huo Rwanda ilikuwa na serikali ya mseto. Waziri wa Mambo ya Nje aliyeongoza ujumbe, Boniface Ngulinzira, alitoka chama cha upinzani cha MDR. Aliyejadiliana hakuwa mtu wa rais, na waliokuwa wakimsemea rais hawakuwa na uchungu wowote na mafanikio ya mezani. Hali ikiwa hivyo, nani anasema kwa niaba ya nchi huwa ni swali zito kuliko anasema nini.

Itifaki ya kwanza ya kugawana madaraka ilisainiwa tarehe 30 Oktoba 1992. Wiki mbili baadaye, 15 Novemba, Habyarimana alisimama mbele ya wafuasi wake Ruhengeri, kwenye ngome yake ya kaskazini, akayaita makubaliano ya Arusha makaratasi tu. Aliyasema hayo kwa Kinyarwanda. Mbele ya wageni aliendelea kujitambulisha kuwa mtu wa maridhiano.

Wachambuzi wa diplomasia wana maelezo yao ya kawaida kwa tendo kama hili: rais anawatuliza wenye msimamo mkali ndani ya chama chake ili apate nafasi ya kubaki mezani. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila yanamsahau msikilizaji. Mfuasi aliyekuwa uwanjani Ruhengeri hakurudi nyumbani akiwaza kwamba rais anajitafutia muda. Alirudi na ruhusa. Ikiwa mkuu wa nchi haheshimu saini ya serikali yake mwenyewe, nani mwingine atalazimika kuiheshimu? Na msikilizaji wa Ngara, aliyesikia kauli zote mbili, alikuwa na sababu ya kuanza kuhesabu magunia ya mahindi aliyonayo ghalani.

Hatua iliyofuata ilihusu mitambo. Ferdinand Nahimana, mkuu wa shirika la habari la serikali, ORINFOR, aliondolewa mwaka 1992 baada ya Radio Rwanda kutangaza mwezi Machi taarifa za uongo zilizochochea mauaji ya Watutsi huko Bugesera. Vyama vya mseto navyo vikadai nafasi yao kwenye matangazo ya taifa. Redio ya serikali ilipoacha kuwa sauti ya kundi moja, watu wa karibu na rais wakaanzisha ya kwao. RTLM ilianza kusikika Julai 1993, Nahimana akiwa mmoja wa waanzilishi na Habyarimana mwenyewe akiwa na hisa. Mkataba wa Arusha ulisainiwa tarehe 4 Agosti 1993. Mtu yule yule alitia saini mkataba wa amani na kuweka fedha zake katika redio iliyowafundisha watu kwamba mkataba huo ni usaliti. Miaka kumi baadaye, Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha hiyo hiyo ilimtia Nahimana hatiani pamoja na mwanzilishi mwenzake, Jean-Bosco Barayagwiza.

Tarehe 6 Aprili 1994 Habyarimana alikuwa Dar es Salaam kwenye kikao cha viongozi wa ukanda, akibanwa atekeleze alichokisaini. Jioni hiyo ndege yake ilitunguliwa ikitaka kutua Kigali, na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi akafa naye. Mauaji ya kimbari yakaanza. Ngulinzira, waziri aliyejadiliana kwa dhati, aliuawa tarehe 11 Aprili. Siku za mwisho za mwezi huo, kuanzia tarehe 28, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takribani saa 24. Walikuwemo wauaji na viongozi waliowaamuru. Walikuwemo pia wengi mno waliokimbia kwa sababu kila walichosikia kwa miaka miwili kiliwaambia kwamba RPF ikifika itawamaliza. Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, pakawa mji mkubwa wa mahema. Baada ya miezi michache wakimbizi waliwazidi wenyeji kwa idadi, miti ikakatwa kwa ajili ya kuni, na malori ya chakula kutoka Isaka yakawa yanapita Nyakanazi na Lusahunga, wilayani Biharamulo, mfululizo.

Nimekaa sana kwa Habyarimana kwa sababu mfano wake ndio uliowagharimu wengi zaidi. Mfano wa Pierre Buyoya wa Burundi ni tofauti, na unatufundisha kutenganisha siri na uongo.

Buyoya alichukua madaraka kwa mapinduzi Julai 1996, nchi jirani zikamwekea vikwazo, na Mwalimu Nyerere, ambaye tayari alikuwa mpatanishi wa vita vya Burundi, akaendelea na juhudi zake. Huku macho ya waandishi wa habari yakiwa Arusha, wajumbe wa Buyoya walikuwa Roma, chini ya jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, wakizungumza na kundi la waasi la CNDD la Léonard Nyangoma. Walisaini makubaliano ya awali mwezi Machi 1997. Umma wa Burundi uliarifiwa mwezi Mei.

Kwa maoni yangu siri ile ilikuwa halali. Hakuna mpiganaji anayeweza kulegeza sharti lake la kwanza mbele ya kamera, kwa sababu jioni hiyo hiyo wenzake watamwita msaliti. Faragha ya wiki za mwanzo ni kifaa cha kazi. Kosa la Buyoya na watu wake lilikuwa kwingine: kwa muda wote wa siri waliendelea kuwaelezea wapiganaji wa Nyangoma hadharani kuwa ni wauaji wasiostahili kuzungumzwa nao. Habari ilipotoka, Charles Mukasi, kiongozi wa chama cha Uprona, alipinga kwa ukali, na rais akajikuta akijitetea mbele ya watu wa upande wake mwenyewe. Kikao kilichopangwa Arusha Agosti mwaka huo serikali yake haikuhudhuria. Kunyamaza kungemwachia nafasi ya kugeuka. Matusi ya hadharani yalimfungia njia.

Katika kambi ya Lukole, Ngara, walikokuwa wakimbizi Warundi, pengo kati ya kinachosemwa na kinachofanywa lilijazwa na tetesi. Simon Turner, mwanaanthropolojia wa Denmark aliyefanya utafiti kambini humo mwishoni mwa miaka ya 1990, ameeleza jinsi uvumi ulivyokuwa sehemu ya siasa za kila siku pale, kila upande ukiwa na watu wake wa kueleza maana iliyofichwa nyuma ya habari. Mtu aliyekwisha kudanganywa na serikali yake mara kadhaa husoma hata taarifa ya kweli akitafuta mtego. Ndiyo maana naithamini sana Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi. Ilikuwa na uwezo wa kueleza kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda kile kilichotokea mezani, na kuwaeleza mkimbizi na mwenyeji habari ile ile. Hakuna msemaji wa ikulu aliyekuwa akiifanya kazi hiyo.

Nyerere alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akachukua upatanishi na kugeuza mtindo. Mwalimu alipendelea milango iliyofungwa na subira. Mandela, kwenye kikao chake cha kwanza Arusha Januari 2000, aliwakaripia viongozi wa Burundi hadharani kwa kuacha watu wao waendelee kufa. Kisha akaweka tarehe na kuwaalika wakubwa wa dunia: Rais Bill Clinton alikuwepo Arusha tarehe 28 Agosti 2000 siku ya kusaini, mwenyeji akiwa Rais Benjamin Mkapa. Kamera zilitumika kama shinikizo, kwa kuwa ni vigumu kuonekana ukikataa amani mbele ya dunia nzima. Saini zikapatikana, nyingine siku hiyo na nyingine wiki zilizofuata. Lakini CNDD-FDD na FNL, waliokuwa na bunduki, hawakuwa miongoni mwa waliosaini, na usitishaji wa mapigano haukuwepo. Magazeti yaliandika amani, na mapigano yaliendelea upande wa pili wa mpaka. Msemaji mwaminifu angesema siku ile ile: tumesaini mpango wa kisiasa, vita bado.

Mkapa anastahili aya zake mwenyewe, maana hakuna kiongozi wa ukanda huu aliyeijua kazi ya habari kama yeye. Alikuwa mhariri wa The Nationalist na wa Daily News, akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, na wakati wa Vita vya Kagera alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Katika vita vile Tanzania ilitaja masharti yake waziwazi: Idi Amin alaaniwe, aache madai yake juu ya ardhi ya Kagera, alipe fidia. Wapatanishi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) hawakuyapenda, lakini hakuna mtu wa Kyaka au wa Biharamulo aliyesikia Dar es Salaam ikisema jingine. Baadaye serikali ilisisitiza kwamba kuna vita viwili, vya Tanzania na vya Waganda wenyewe, kauli iliyoficha ukubwa wa kazi ya jeshi letu ndani ya Uganda. Hata hivyo lengo lenyewe halikugeuzwa kutoka kwa msikilizaji mmoja hadi mwingine.

Miaka mingi baadaye Burundi ilimrudisha Mkapa kwenye kazi hiyo. Mei 2015 Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alikuwa Dar es Salaam kwenye kikao cha Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati Jenerali Godefroid Niyombare alipotangaza redioni kwamba amempindua. Msaidizi wa mawasiliano wa Nkurunziza, Willy Nyamitwe, alijibu kupitia Twitter kwamba mapinduzi yameshindwa. Katika siku hizo redio za RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa na kunyamazishwa. Warundi walivuka tena kwenda Tanzania kwa maelfu, baadhi yao kupitia Ngara, wakitoka katika nchi ambayo redio zake huru karibu zote zilikuwa zimezimwa.

Machi 2016 Mkapa aliteuliwa kuwa mwezeshaji wa mazungumzo ya Burundi. Desemba 9 mwaka huo, akiwa Bujumbura, aliwaambia waandishi wa habari kwamba wanaohoji uhalali wa Nkurunziza hawana akili timamu. Huenda alitaka mjadala wa uchaguzi uliomrudisha Nkurunziza madarakani ufungwe ili mazungumzo yasonge mbele, na hoja hiyo ingeweza kutetewa kama ingeelezwa mezani. Ilitamkwa mbele ya vinasa sauti, katika mji mkuu wa upande mmoja, na wapinzani walioko uhamishoni wakadai ajiondoe wiki hiyo hiyo. Hakujiondoa. Oktoba 2018 serikali ya Burundi haikutokea kwenye kikao cha Arusha, na Februari 2019 Mkapa alikabidhi ripoti yake kwa marais wa Jumuiya bila makubaliano kati ya serikali na wapinzani.