Fomu Tunawapa, Kazi Hatuwaonyeshi

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba nianze kwa kukiri kosa.

Mapema mwaka 2024 dada yangu alinipigia simu. Mwanawe alikuwa amepangiwa Kidato cha Kwanza katika shule mojawapo ya zile chache zilizoanza mwaka huo kufundisha mkondo wa amali, yaani masomo ya sekondari yanayokwenda sambamba na ufundi. Shemeji yangu alikuwa amefura kwa hasira. "Sikumsomesha mtoto ili akashike nyundo," ndivyo alivyosema. Dada akataka ushauri wangu, maana kwake yeye mtu wa redio anajua kila jambo. Nami, bila kuuliza neno moja kuhusu shule ile, nikamwambia, "Mhamishe, dada." Wakamhamisha.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kuwajulia hali. Nilimkuta kijana uani, mbele yake feni tatu za majirani, ameshazifungua na vipuri kavipanga juu ya gunia. Aliniamkia vizuri, kisha akaniuliza bila ukali wowote: "Mjomba, ile shule uliyosema nisiende, uliwahi kuiona?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta, na niliyoyapata ndiyo ninayokuletea leo.

Tuanze na mkondo wenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mikondo miwili katika sekondari: elimu ya jumla na elimu ya amali. Mwanafunzi wa amali hafundishwi nyundo tupu. Anasoma Hisabati, Kiingereza na Historia ya Tanzania na Maadili kama wenzake, na juu ya hayo anashika fani moja, iwe umeme, ujenzi, ushonaji, kilimo, upishi, muziki au michezo, kutegemea shule yake ina karakana na walimu gani. Mpango ni kwamba amalizapo Kidato cha Nne awe na vyeti viwili, kimoja cha Baraza la Mitihani na kingine cha ufundi stadi chini ya NACTVET. Kundi la kwanza, lile lililoanza Januari 2024, linatazamiwa kufika Kidato cha Nne mwaka 2027. Hayo ndiyo niliyomzuia mpwa wangu asiyapate.

Lakini, ndugu msikilizaji, wengi wa watoto wetu wamo katika mkondo wa jumla, nao wana shida yao. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne hujaza fomu ya machaguo, akitaja tahasusi anazotaka kusoma Kidato cha Tano au kozi za vyuo anazopendelea. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65. Ni jambo jema kuongeza milango. Lakini mtoto asiyejua nyuma ya mlango kuna nini, hata ukimfungulia mia, atafuata ule alioingia rafiki yake.

Nilimwomba mkuu wa shule moja ya sekondari hapa mjini aniruhusu kuzungumza na darasa la Kidato cha Tatu. Niliwauliza wanataka kuwa nani. Zikaja kazi tunazozijua sote: daktari, mwanasheria, rubani, mhandisi. Nikauliza swali la pili: ni nani kati yenu amewahi kumwona mtu huyo akiwa kazini? Darasa likanyamaza. Daktari walimwona siku walipougua. Mwanasheria walimwona kwenye televisheni. Na dirishani mwa darasa lile, ng'ambo ya barabara, jengo la ghorofa lilikuwa linapanda. Mafundi walikuwa wanafunga nondo, na mtu mwenye kofia nyeupe alikuwa ameshika michoro. Nikawauliza yule ni nani, na amesomea nini hata akafika pale. Hakuna aliyejua. Wanamtazama kila siku.

Kutoka hapo nikaenda Gerezani, kwa mzee mmoja mwenye karakana ya kuchomelea vyuma. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanivutia kibao cha kukalia. Nilipomweleza kilichonileta alicheka.

"Mwanangu," akasema, "mimi vijana naletewa matokeo yakishatoka. Mzazi anakuja amenuna, mtoto amenuna, kana kwamba wanaleta maiti kuzika. Wangekuja mapema, hata kwa likizo moja, wengine wangejua kwamba wanaitaka kazi hii, na wengine wangejua hawaitaki. Yote mawili ni faida."

Maneno hayo ya mwisho nimeyarudia kichwani mara nyingi. Tumezoea kudhani kwamba kumpeleka mwanafunzi karakanani ni kumfanya fundi. Sivyo. Ni kumpa nafasi ya kuchagua akiwa amefumbua macho. Msichana atakayekaa juma moja maabara ya hospitali akagundua kwamba hawezi kuvumilia damu, amejiokolea miaka ya kusoma jambo lisilo lake. Na yule atakayetoka humo akitamani kurudi, Kemia haitakuwa tena orodha ya kukariri.

Wazo hili si geni kwetu. Mwalimu Nyerere aliliandika mwezi Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na katika miaka ya 1970 sekondari zetu ziligawanywa kwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Sasa tulikosea wapi? Mimi nitasema nililoliona kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi katika miaka ya 1990. Kujitegemea kulikuwa kumegeuka adhabu. Ukichelewa namba, unapewa jembe. Ukizungumza Kiswahili mahali pa Kiingereza, unakwenda kufyeka. Mtoto aliyefundishwa kwamba kazi ya mikono ni malipo ya kosa, akikua akawa baba, atasema maneno yale yale ya shemeji yangu. Tusimlaumu yeye peke yake.

Kwa hiyo mafunzo ya mahali pa kazi yanahitaji mpango, la sivyo tutarudia yale yale. Kwa maoni yangu, mpango huo una ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni kuona. Hii haina gharama kubwa. Mwalimu wa ushauri nasaha anaalika mzazi mmoja kila mwezi, leo muuguzi, kesho fundi umeme, keshokutwa mhasibu, aje aeleze siku yake ya kazi tangu asubuhi hadi jioni, alisoma nini, na kazi ina tabu gani. Asiseme raha tu.

Ngazi ya pili ni kujaribu. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili au cha Tatu anakwenda mahali pa kazi juma moja au mawili wakati wa likizo, akiwa na barua ya shule, ruhusa ya mzazi na daftari la kuandika kila siku alichoona na alichofanya.

Ngazi ya tatu ni kufanya. Hapo mwanafunzi anashika kazi halisi chini ya msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina, na mwalimu anamtembelea kukagua. Asipokuwapo msimamizi, mtoto ataishia kuchemsha chai na kutumwa vocha. Na kwa watoto wa kike suala la usalama lisiachiwe bahati: ijulikane yuko wapi, na nani, na anarudi saa ngapi.

Waajiri niliozungumza nao wana hofu moja: wataambiwa wanatumikisha watoto. Hofu hiyo ina msingi, lakini sheria imeliona jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefikisha miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Kazi za hatari zimekatazwa kwa kila aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inatoa nafasi kwa kazi iliyo sehemu ya mafunzo yanayosimamiwa kisheria, mradi afya, usalama na maadili ya mtoto vilindwe. Tofauti ya mafunzo na utumwa ni msimamizi, muda uliowekwa, na kitu ambacho mtoto anatoka nacho kichwani.

Tena waajiri hao tayari wanalipia mafunzo. Tangu ilipotungwa sheria ya VETA mwaka 1994, waajiri wamekuwa wakitozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Mwaka 2021 mzigo huo uliondolewa kwa wenye wafanyakazi wasiofika 10, na mwaka 2023 kiwango kilishushwa hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi. Sasa, mwenye kiwanda, ikiwa fedha umeshatoa, kwa nini unafunga geti? Kijana unayemlalamikia kwamba hajui kazi ndiye aliyepita mbele ya geti lako miaka minne akienda shule.

Serikali nayo haijamaliza wajibu wake kwa kuandika sera. Fani bila karakana ni jina tu, na karakana bila mwalimu aliyewahi kuifanya kazi yenyewe ni stoo. Wazazi tuna haki ya kuuliza: shule hii ya amali ina mashine ngapi, zinafanya kazi, na wanafunzi watakwenda kwa nani kujifunza?

Nami nilikuwa na haki ya kuuliza hayo mwaka 2024, kabla ya kufungua kinywa. Sikuuliza.

Nimerudi kwa dada. Nimemwomba radhi yeye, na kijana pia. Kumrudisha nyuma haiwezekani, lakini njia hazijafungwa. Likizo ijayo atakwenda kwa fundi wa majokofu aliyekubali kumpokea, daftari mkononi, na muda si mrefu atajaza fomu ile ya machaguo, ambamo vyuo vya ufundi vimo pia. Shemeji bado hajaridhika. Ila Jumamosi iliyopita feni ya sebuleni kwake ilizimika, naye akamwita mwanawe kabla ya kumwita mtu mwingine yeyote.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, nakutakia kazi njema.