Ida Si Bibi Yetu

Mnyama aliyekufa miaka milioni 47 iliyopita katika ziwa la Messel, Ujerumani, alihifadhika kiasi kwamba manyoya yake yameacha alama kwenye jiwe na tumboni mna mabaki ya matunda na majani. Alipotangazwa Mei 2009 kwa jina la Darwinius masillae, au Ida kwa jina la utani, vyombo vya habari vilishangilia kwamba asili ya nyani, sokwe na binadamu imepatikana. Lakini kisukuku kuwa kizima ni jambo moja, na kuwa jadi yetu ni jambo jingine.

Waliomtetea hawakubabaisha. Mtazame komba, yule anayesingiziwa ulevi wa tembo: meno ya mbele ya taya lake la chini ni membamba, yamelala na kubanana kama kitana, naye huchania manyoya. Kidole cha pili cha mguu kina ukucha mrefu wa kujikunia. Ida hana kitana wala ukucha huo. Basi, walisema, yuko upande wa kima na nyani. Hoja hiyo inavuja. Aliyekosa kitana huenda tawi lake lilichipuka tu kabla meno hayo hayajatokea, kwa hiyo kukosa kwake hakumsogezi kwetu hata hatua moja. Oktoba mwaka uleule Erik Seiffert na wenzake walieleza jamaa wa Ida, Afradapis wa Fayum, Misri, mwenye miaka milioni 37. Nusu mbili za taya lake la chini zimeungana kuwa mfupa mmoja, kama kwa nyani. Ila walipolinganisha sifa 360 za spishi 117, yeye na Ida waliangukia upande wa komba na lemuri. Mfanano ule wa taya ulijitokeza kivyake.

Mtu atauliza: vipande vya Eosimias wa China, mpinzani wa Ida katika jadi ya kima, vyenye mifupa ya kifundo midogo kama punje ya mchele, vitashindaje mifupa kamili? Ni kwa sababu umbo la kiungo hurithiwa, na punje isiyopondeka husomeka kuliko mwili uliogandamizwa bapa kama wa Ida. Kisha kuna Archicebus, aliyetangazwa 2013: miaka milioni 55, uzito usiofika gramu 30, kisigino kinachofanana na cha kima. Waliomchambua wamemweka kwenye tawi la tasia, jamaa wa karibu wa kima. Kama hawakukosea, tawi hilo na la kima yalikuwa yamekwishaachana miaka milioni 8 kabla Ida hajazama ziwani, naye hawezi kuwa mzizi wao.